Kutu haitaki Jik: kusafisha madoa kwenye tanga bila kuliua tanga lenyewe

Mtu akiona doa la kutu kwenye tanga jeupe, mkono humtangulia kwenye chupa ya Jik. Kutu haitoki kwa Jik. Klorini huondoa rangi kwa kuiunguza, na kutu ni chuma kilichokwisha kuunguzwa na hewa na maji ya chumvi. Hapana kilichobaki cha kuunguza. Kinachofuata ni kibaya zaidi. Jik ina asili ya magadi ndani yake, na maji ya namna hiyo huigandisha kutu kwenye uzi badala ya kuiyeyusha. Kama tanga ni la pamba, chuma kilichomo kwenye doa huichochea klorini iule uzi haraka kuliko kawaida. Ndiyo maana safari chache baadaye panachanika tundu lenye umbo lilelile la doa. Mwenye chombo atasema kutu imelila tanga. Kutu ilianza, chupa ikamaliza.

Kutu hutaka kitu kichachu. Bibi zetu walilijua hilo walipokamua ndimu juu ya kanzu iliyoanikwa kwenye msumari, na kanuni ni hiyohiyo kwenye tanga la mashua, la ngalawa au la boti ya mashindano. Kinachobadilika ni kitambaa, kipimo na muda, na humo ndimo watu wanamoharibu.

Basi anza na kitambaa. Matanga ya vyombo vyetu vya jadi yalishonwa kwa marekani, ile pamba nzito isiyopaushwa ambayo jina lake lilikuja na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, waliokuwa wakiileta Unguja katika karne ya 19. Bado ipo, lakini siku hizi utakuta pia poliesta (wengi huiita Dacron, ingawa hilo ni jina la kibiashara la kampuni moja), turubai la plastiki, na viroba vya mchele au saruji vilivyounganishwa. Boti za mashindano zina matanga mepesi ya nailoni yenye rangi kali ya kupokea upepo wa nyuma, na nyingine zina matanga ya tabaka zilizogandishwa kwa gundi, yenye nyuzi imara za kiwandani ziitwazo Kevlar ndani.

Ukiwa na shaka, chomoa uzi mmoja kwenye pindo uuchome kwa kiberiti, mbali na tanga. Pamba huwaka kama karatasi, hunuka kama karatasi, na huacha majivu laini ya kijivu. Poliesta huyeyuka, hutoa moshi mweusi na huacha punje ngumu isiyopondeka kwa vidole. Kiroba hunuka kama mshumaa uliozimwa. Kiroba kina alama nyingine pia: uzi wake huelea hata ukiuzamisha kwenye maji yenye sabuni, ilhali poliesta na nailoni huzama.

Pamba huvumilia uchachu wa wastani kwa muda mfupi, mradi usiachwe ukakaukia humo. Poliesta haina shida na ndimu wala na Jik iliyochanganywa maji mengi, ila huliwa na magadi makali ya moto. Nailoni inaogopa klorini kabisa na haipendi asidi kali. Kevlar haitaki klorini wala asidi. Tanga la namna hiyo lioshwe kwa maji baridi na sabuni laini tu, na doa likikataa liachwe.

Kutu imetoka wapi

Ukitoa doa bila kuondoa kilicholileta, utalitoa tena mwezi ujao. Vyanzo vinajulikana. Kona ya joshi (upande unaopokea upepo) na kona ya demani (upande wa pili) zina pete au viungo vya chuma, na pale ambapo mtu amebana matumizi akaweka chuma cha kawaida, kutu hushuka na maji kufuata shono. Hata chuma kinachoitwa hakishiki kutu hushika kidogo kwenye maji ya bahari, hasa kile cha daraja la 304. Cha 316 kina molibdenamu na huvumilia zaidi. Shaba ni bora kuliko vyote viwili kwa pete za tanga, japo huacha rangi ya kijani ikikaa na maji.

Halafu kuna bati. Tanga lililolowa likianikwa juu ya paa la mabati lenye misumari iliyochakaa hupata madoa yaliyopangika mistari kama madawati ya shule. Seng'enge vivyo hivyo. Mnyororo wa nanga ukilazwa juu ya tanga usiku mmoja tu unatosha. Ndoo ya bati iliyopoteza zinki yake huchafua tanga lote wakati unadhani unaliosha, kwa hiyo tumia ya plastiki.

Vipo vyanzo viwili ambavyo watu hawavishuku. Kimoja ni waya wa kusugulia sufuria. Ukisugulia tanga, vipande vidogo vya chuma hukatika na kubaki ndani ya mfumo wa kitambaa, na wiki mbili baadaye doa moja limekuwa hamsini. Cha pili ni grainda. Fundi akikata chuma jirani na tanga lililokunjuliwa, cheche zinazoruka ni punje za chuma cha moto. Zikitua juu ya poliesta huiyeyusha na kujipachika, na baada ya mvua ya kwanza tanga huota vipele vya rangi ya machungwa. Vile havitoki vyote. Punje imeshaingia ndani ya uzi, na ukiing'oa unaacha tundu.

Doa hili ni la nini

Kutu ni ya machungwa au hudhurungi, na mara nyingi ina kitovu cheusi pale chuma kilipogusa. Kawa, yaani kuvu ya kitambaa, ni vidoadoa vyeusi au vya kijivu vilivyotawanyika, na ukinusa utajua. Mafuta hufanya kitambaa kionekane kama kimelowa hata kikiwa kikavu. Utomvu na maji ya mimea huanza na rangi hafifu, kisha hukolea hudhurungi kadiri siku zinavyokwenda.

Ukibabaika, weka tone la ndimu pembeni mwa doa na usubiri dakika kumi. Likipauka, ni chuma. Lisipopauka, suuza na ukaushe, kisha siku nyingine, mahali pengine pa doa hilohilo, na kwa poliesta tu, jaribu tone la Jik iliyochanganywa maji mara kumi. Likipauka hapo, ni kawa au mmea. Likikataa yote mawili, fikiria mafuta au lami. Usitone viwili hivyo mahali pamoja wala siku moja: Jik ikikutana na ndimu, siki au asidi nyingine yoyote hutoa gesi ya klorini, na kwenye chumba kidogo gesi hiyo inaua.

Hatua zina mpangilio wake, na mpangilio huo una sababu. Kwanza ni chumvi: loweka tanga zima kwenye maji matamu kwa saa kadhaa, ubadilishe maji mara mbili. Kisha mafuta, kwa kuwa penye mafuta maji ya dawa hayapenyi. Kisha kutu. Kawa na madoa ya mimea ni ya mwisho, maana dawa zake, ziwe za klorini au zile sabuni za unga zinazotoa oksijeni, zikikuta chuma kwenye pamba hula nyuzi zilizo karibu nacho. Aliyeanza na kawa akamalizia na kutu amefanya kazi ileile kwa bei ya tanga.

Kazi yenyewe ya kutu

Maji ya ndimu yana kiasi cha gramu 45 hadi 50 za asidi ya sitriki kwa lita. Asidi hiyohiyo huuzwa ikiwa unga mweupe kwa watengeneza juisi na jemu, na ukipima gramu 50 kwa lita moja ya maji ya vuguvugu umepata ndimu isiyo na nyama wala mbegu. Kwa doa changa hiyo inatosha. Chumvi ambayo watu huichanganya na ndimu inasaidia: hufanya uji unaoshika mahali pake, na huiwezesha asidi kukamata chuma vizuri zaidi. Lakini ni chumvi ileile uliyotoka kuiosha, basi suuza hadi ladha yake iishe kwenye maji.

Kwa doa la zamani tuna kitu bora kuliko ndimu, na kimeota nyuma ya nyumba nyingi za Unguja na mwambao. Bilimbi lina asidi ya oksaliki kwa wingi, na hiyo ndiyo asidi inayotumiwa na mafundi wa mbao na wasafishaji wa kutu duniani kote. Haiyeyushi chuma tu, bali hukishika na kukibeba kisirudi kwenye uzi. Ponda mabilimbi kumi mabivu, kamua, chuja kwa kitambaa mara mbili, upake maji yake. Udhaifu wake ni mmoja: huwezi kujua ukali. Mti huu na ule hautoi sawa, na tunda changa si sawa na lililoiva.

Anayetaka kipimo atumie asidi ya oksaliki ya dukani, chembechembe nyeupe zinazofanana na sukari. Mfanano huo ndio hatari yake. Gramu chache zikimezwa huharibu figo na zinaweza kuua. Usiiweke kwenye chupa ya soda, usiipime kwa kijiko cha jikoni, usiiyeyushe kwenye sufuria ya chakula. Vaa glavu za mpira, na usipeperushe unga wake ukauvuta.

Chukua mfano wa kona ya chini ya tanga la mashua, poliesta, yenye doa la upana wa kiganja lililozunguka pete. Toa kwanza kiungo cha chuma kilichosababisha. Kama pete ni ya shaba na inabaki, ipake grisi au vaselini ya kutosha, kwa sababu asidi huichuna shaba na kuiacha ya waridi. Tandika kona juu ya ubao safi. Usiitandike kwenye sakafu ya saruji, kwani asidi hula saruji, na saruji huimaliza nguvu asidi yako kabla haijafanya kazi. Chini ya kitambaa weka taulo jeupe kuukuu.

Pima mililita 250 za maji ya vuguvugu, yale ambayo mkono unavumilia, kwenye chombo cha plastiki au kioo. Tia gramu 12 za asidi ya oksaliki ukoroge kwa kijiti. Tia asidi kwenye maji, wala si maji kwenye asidi. Hapa wengi wa mwambao hukwama bila kujua kwa nini: maji yanageuka maziwa. Visima vyetu vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe na maji yake yamejaa kalsiamu. Oksaliki ikikutana na kalsiamu hugeuka unga mweupe usioyeyuka; asidi inapungua nguvu na unga unabaki kwenye nyuzi kama chokaa. Maji ya bahari yana kalsiamu pia, ndiyo sababu nyingine ya kuosha tanga kwanza. Tumia maji ya mvua. Yakikosekana, nunua lita moja na nusu ya maji ya chupa. Hayazidi bei ya kiraka. Asidi ya sitriki haina tabia hiyo kwa kiwango hicho, kwa hiyo mwenye maji ya kisima peke yake abaki nayo.

Lowesha doa kwa maji matupu kwanza ili dawa isikimbilie pembeni. Kisha chovya kipande cha pamba, gusa doa kuanzia ukingoni kwenda katikati. Ukianzia katikati utalitanua, na utapata pete ya manjano pana kuliko doa lenyewe. Usisugue. Funika kwa karatasi ya plastiki lisikauke. Baada ya dakika tano taulo la chini litaanza kushika rangi ya manjano inayoelekea kijani. Hiyo ni kutu inayoshuka. Sogeza taulo upande msafi, ongeza dawa, subiri tena. Dakika 15 hadi 20 kwa mkupuo mmoja zinatosha. Doa likibaki, suuza, pumzika, rudia mara ya pili na ya tatu. Mikupuo mitatu ya gramu 50 kwa lita ni salama kuliko mmoja wa gramu 150.

Kwa pamba, punguza hadi gramu 30 kwa lita na dakika kumi, na kamwe usiache dawa ikaukie kitambaani. Maji yanapokauka asidi haiondoki. Hujikusanya, inakuwa kali mara kadhaa kuliko ulivyoipima, na inakata nyuzi kimyakimya. Ndiyo kasoro ya ile desturi ya kupaka ndimu na kuanika juani hadi jioni. Jua linaharakisha kazi, ni kweli, lakini mwenye kuanika akae na kikombe cha maji ya ndimu na aloweshe tena kila dakika tano, na nusu saa ikipita asuuze. Kwa nailoni tumia sitriki, gramu 25 kwa lita, dakika tano.

Kusuuza ni nusu ya kazi. Maji matamu mara tatu, mbele na nyuma ya kitambaa. Kisha maji ya magadi soda, kijiko kimoja cha chakula kwa lita tano, baridi, dakika tano, kuua mabaki ya asidi yaliyojificha ndani ya pindo na chini ya viraka ambako kitambaa kimekunjwa mara nne. Kisha maji matamu tena. Utajuaje kwamba magadi yametoka? Chovya karatasi nyeupe kwenye maji yaliyokorogwa manjano ya kupikia, ikauke. Tone la maji yenye magadi huifanya iwe nyekundu ya matofali. Kamulia tone kutoka kwenye pindo. Karatasi ikibaki na rangi yake, umemaliza. Jaribu kwanza na maji yako ya kusuuzia yakiwa matupu, upate cha kulinganisha. Na uiweke karatasi hiyo mbali na tanga, maana doa la manjano ni makala nyingine.

Neno la mwisho kuhusu dawa za kutu za dukani. Soma karatasi yake. Ukiona floraidi au asidi ya haidrofloriki, irudishe. Hutoa kutu upesi ajabu, lakini hupenya ngozi bila kuuma mwanzoni, na maumivu yanapokuja saa kadhaa baadaye imeshaanza kunyonya kalsiamu ya mwili. Tanga halistahili hilo. Asidi ya betri na ile ya kusafishia choo nazo zikae mbali: pamba na nailoni huziacha zikiwa vumbi.

Weusi wa boriti

Kuna doa la vyombo vya mizigo ambalo huwachanganya watu, jeusi la samawati kama wino, lisilonuka kawa. Ni wino kweli. Magome ya mikoko, mkandaa hasa, yana tanini, ileile inayofanya yatumike kwa kupaka rangi na kutengeneza ngozi za wanyama. Jahazi likibeba boriti za mikoko, maji ya magome hutiririka, na yakikutana na kutu ya msumari au mnyororo hutengeneza rangi nyeusi inayokamata kitambaa. Ndivyo wino wa kuandikia ulivyotengenezwa zamani, kwa tanini na chumvi ya chuma. Chai ya rangi iliyomwagikia doa la kutu hufanya vivyo hivyo, kwa kadiri ndogo.

Doa hili hutoka kwa oksaliki kama kutu ya kawaida, na hutoka vizuri kuliko linavyotisha. Weusi hupotea kwanza kwa dakika chache, inabaki rangi ya udongo mwekundu ya tanini peke yake. Hapo usiongeze asidi, kwa kuwa chuma kimekwisha. Suuza, ua asidi kwa magadi, kausha. Siku ya pili loweka kwenye sabuni ya unga ya oksijeni, vijiko viwili vya chakula kwa lita tano za maji ya vuguvugu, saa mbili hadi nne. Doa la makumbi na la maji ya dafu hutibiwa kwa hatua hiyo ya pili tu. La bibo kwenye pamba, tuseme ukweli, hupungua tu. Nguo ya mtoto aliyekula mabibo haijawahi kurudi kama ilivyokuwa, na tanga ni nguo.

Kawa

Kawa kwenye pamba na kawa kwenye poliesta ni magonjwa mawili. Pamba ni chakula chake, inaila. Poliesta haiwezi kuliwa; pale kuvu hukaa juu ya uchafu, mafuta ya mikono na vumbi, na chumvi iliyobaki huvuta unyevu wa kuinywesha. Kwa hiyo kwenye poliesta sabuni na maji matamu vimeshafanya zaidi ya nusu ya kazi kabla hujafungua dawa.

Anika kwanza hadi pakauke kabisa, kisha piga brashi laini nje, ukiwa upande wa upepo na umefunga pua. Kuvu mbichi ikisuguliwa husambaa. Osha kwa sabuni. Kwa poliesta nyeupe, kikombe kimoja cha Jik kwa vikombe kumi vya maji, dakika 20, kisha suuza sana hadi harufu iishe. Mabaki ya klorini huendelea kula uzi wa kushonea hata tanga likiwa kabatini, na haidrojeni peroksaidi ya duka la dawa, ile ya asilimia tatu, kijiko kimoja cha chakula kwa lita moja ya maji ya kusuuzia, huyamaliza. Pamba usiipe Jik; ipe sabuni ya oksijeni kama ya tanini hapo juu. Vidoa hafifu vya kijivu vikibaki baada ya hapo si kuvu hai, ni rangi iliyoachwa na kuvu iliyokufa. Viache.

Mafuta ya injini na lami hayahitaji maelezo marefu. Lami igandishe kwa barafu ndani ya mfuko, ikwangue kwa kijiko butu, kisha gusa mabaki kwa mafuta ya taa upande wa nyuma huku kitambaa kikavu kikipokea mbele. Maliza kwa sabuni ya vyombo na maji. Usitumie mafuta ya taa wala petroli kwenye matanga ya tabaka za gundi, yatabanduka. Sifa, mafuta ya papa ya kupaka mbao za chombo, yakiwa mabichi hutoka kwa njia hiyohiyo. Yakishazeeka hukauka kama rangi na hayatoki. Damu ya samaki hutaka maji baridi mara moja na sabuni yenye vimeng'enya. Maji ya moto huipika damu ndani ya uzi, na vumba hubaki nayo.

Kabla ya kutumia siku mbili kwenye doa, jiulize kama tanga lenyewe linastahili. Chukua sindano ya kushonea, ingiza ncha chini ya uzi mmoja wa mshono karibu na doa, uvute kwa nguvu ya kidole. Uzi ukikatika bila ubishi, mwanga wa jua umeshaula na hakuna doa lenye umuhimu tena. Mishono hutangulia kufa, kwa sababu uzi umekaa juu ya kitambaa na hauna kivuli. Jaribu na kitambaa chenyewe: kikunje kwa vidole katikati ya doa na usikilize. Pamba iliyoliwa na kutu hutoa mlio mkavu kama jani, na hapo kata uweke kiraka. Kuna wanaofukuzia weupe kwa ajili ya siku ya mashindano, kila mwaka dawa mpya, na tanga linafika kwenye mstari jeupe na jembamba. Mimi ningechukua lenye ramani za machungwa na mishono imara.

Usiweke tanga kwenye mashine ya kufulia, usilipige kwa pampu ya maji yenye shinikizo, usilipige pasi. Poliesta ya matanga imetiwa utomvu unaoikaza, na ukivunjika umbo la tanga linakwenda nao. Likauke kivulini, limelala au limening'inizwa kwa upindo wake mrefu, si likipigapiga upepo kwenye foromali, ule mti unaobeba tanga. Likunjwe mahali tofauti kila mara. Msimu wa masika, vyombo vinapopandishwa pwani, lishushwe kabisa kwenye foromali, lioshwe kwa maji ya mvua ya siku ya pili, kwa kuwa ya siku ya kwanza yamesuuza bati, na litundikwe ndani kwenye kamba ya katani au nailoni. Angalia kamba hiyo imefungwa kwenye nini. Kama ni msumari, vua kandambili kuukuu, kata kipande cha mpira, uvike msumari huo kwanza.